Macho ya Mbuzi na Vioo vya Mwezini

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Nakusimulia kwa kuwa wiki ijayo na wewe unaanza ualimu. Nilikuwa kijana wa Waberi, hapa mjini Garissa, niliyepelekwa kufundisha fizikia kijijini Kotile, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, najiona. Na siku hiyo mkaguzi wa shule, mgeni kutoka Nairobi, alikuwa ameketi nyuma ya darasa.

Nilichagua somo la kujionyesha: jinsi wataalamu wanavyopima umbali wa hapa hadi mwezini. Nikaeleza kwamba wanaanga waliacha vioo kule juu. Mwanga wa leza unapigwa kutoka duniani, unagonga vioo, unarudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Ukijua mwendo wa mwanga na muda uliotumika, umbali umeupata. Nikachora ubaoni kioo bapa, kama kile cha kunyolea ndevu.

Sahra akainua mkono. Alikuwa binti wa wafugaji, na baba yake alikubali abaki shuleni kwa shingo upande.

"Maalim, hiyo kioo ikiinama kidogo tu, taa itaenda mahali ingine," alisema. "Lazima iko kama macho ya mbuzi. Ukimulika mbuzi na tochi, hata akisimama upande, taa inarudi kwako wewe mwenye tochi."

Darasa likacheka. Mimi nilijua anachosema, maana kila likizo nilichunga mbuzi wa babu yangu na macho yale nimeyaona mara nyingi. Lakini mkaguzi aliinua kichwa, nikaogopa asije akaniona na mimi ni mtu wa mbuzi. Isitoshe, jibu la hoja ya Sahra sikuwa nalo. Basi nikacheka pamoja nao.

"Sahra, hapa ni darasa la sayansi," nikamwambia. "Mbuzi waachie baba yako."

Akakaa. Hakuinua mkono tena muhula ule mzima, na shule ilipofunguliwa baada ya likizo hakurudi. Kaka yake aliniambia kwamba ni Sahra mwenyewe aliyemwomba baba yao amtoe.

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma jinsi vioo vile vilivyoundwa. Si bapa hata kidogo. Ni vipande vingi vya kioo vyenye pembe, vilivyotengenezwa makusudi virudishe mwanga kule kule ulikotoka, hata vikikaa upande kidogo. Jicho la mbuzi lina njia yake, lakini kazi ni ile ile. Tatizo lililowaumiza wataalamu vichwa, yule binti aliliona akiwa amekaa kwenye dawati darasani mwangu. Niliona aibu, mwanangu, na bado naiona.

Mwaka jana nilimkuta soko la mifugo hapa Garissa, mama mtu mzima, anauza mabeberu wawili. Nikajitambulisha, nikamweleza yote, nikamwomba radhi.

"Kwa hivyo nilikuwa sawa?" aliniuliza.

"Ulikuwa sawa."

"Wallahi, Maalim, mimi watoto wangu nimewaambia nilitoka shule kwa sababu kichwa yangu ni nzito."

Alinisamehe, tena kwa upole. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Kwa hiyo nisikilize. Mtoto akisema jambo usilolijua, mwambie hulijui, kisha mlitafute pamoja. Akileta mfano wa nyumbani kwao, uchukue uuandike ubaoni kwa herufi kubwa, hata kama mkubwa wako anakutazama. Na ukimkosea, mfuate kesho yake asubuhi hadi kwao, usingoje miaka kama mimi, maana mtoto anaamini unachomwambia.

Allah akufungulie kifua, mwanangu. Wanafunzi wako wakuzidi elimu, na siku utakapowaona wamekuzidi, akujaalie ufurahi. Amin.