Namba Sita za Mama Watoto

Vidole vya fundi saa havitetemeki hata akishika skrubu ndogo kuliko chawa, ila kila Alhamisi, akifika dirisha la bahati nasibu, hutetemeka kama ana homa. Hucheza namba sita zile zile alizochagua marehemu mkewe, na hazijawahi kutoka. Majuzi tiketi ikapanda bei mara mbili. "Binti, huu sasa ni wizi wa mchana kweupe," akamwambia muuzaji, akaondoka mikono mitupu. Jioni alikaa mbele ya redio, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akimwomba Mungu namba za mkewe zisitajwe. Haikutajwa hata moja. Akashusha pumzi, akacheka peke yake kama aliyeshinda.

Alhamisi iliyofuata muuzaji alimkuta keshafika, dirisha halijafunguliwa. "He! Mzee, si ulisema sisi wezi? Au siku hizi bahati nasibu inalipa?"

"Hailipi, binti yangu," akasema, macho yakiwa kwenye kufuli. "Hebu fungua upesi. Siku nisipocheza zikatoka, nitamwambia nini mama watoto?"