Tezi Chini ya Taya na Sambaza za Maman Chantal

Nianze na ujinga wangu: niliutangazia mtaa wetu wa Kasha kwamba Maman Chantal, jirani yetu mjane mwenye kuuza samaki wa kukaanga, amenilisha karuho. Nilikuwa mdogo, nimekaa mlangoni pake, sambaza zikilia ndani ya mafuta, harufu ya ndimu ikinitekenya pua. Kabla sijameza samaki wa pili, chini ya taya pakavimba kama yai la kuku. Rafiki zangu wakakodoa macho. Nami nikajishika koo, nikajiangusha: "Karuho! Nakufa! Viatu vyangu mupatie Jojo!" Wao walicheka. Watu wazima hawakucheka. Kwetu sumu ile inayoua polepole haitaniwi.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jioni wateja wa Maman Chantal walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara, na mama yangu, aliyezoea kusukana naye nywele kila Jumapili, akanikokota kwa mganga wa kutapisha. Nilitapika hadi nikasahau jina langu. Uvimbe ukaisha, mganga akachukua sifa. Kesho yake nikanusa tu sambaza kupitia ukuta, yai likarudi. Nikachanganyikiwa: sumu gani hii inaingilia puani, inavizia chakula, halafu inaenda kulala? Nikaapa kwamba nilikuwa natania. "Wote wenye kulishwa karuho wanakataaka vile," akasema tantine, dada ya mama. Maman Chantal akaanza kufunga vyombo, arudi kwa kaka yake, kijijini Mumosho.

Mwishowe mama akanipeleka kituo cha afya. Dokta akanipa ndimu ninyonye. Yai likatokea mbele yao. "Maman, na hapa nani amemulisha?" akauliza. Akaingiza kidole chini ya ulimi wangu, akaminya, kikatoka kijiwe kama chembe ya mchele. Akatueleza kwamba pale chini ya taya kuna tezi inayotengeneza mate mtu akitamani chakula. Kijiwe kilikuwa kimeziba njia, mate yakajaa ndani. Kumbe kadiri chakula kilivyokuwa kitamu, ndivyo nilivyovimba. Maharage ya mama hayakuwahi kunivimbisha, na hilo sikuthubutu kulisema.

Leo niko sekondari. Mwalimu wa biolojia ameichora tezi ile ubaoni, na bado sielewi jiwe lilizaliwaje mdomoni mwangu, wala kwa nini mtaa uliamini uongo wangu ndani ya dakika moja na ukweli wangu ukaukataa. Siku hizi kabla ya kutania nachungulia kwanza nani anasikia.

Siku ile, kutoka kituoni, mama hakunipiga. Alinivuta sikio hadi kwa Maman Chantal, majirani wakitazama, akaketi, akaagiza sambaza. Kwetu anayekupa chakula huonja kwanza, ule bila wasiwasi. Maman Chantal akachukua samaki mmoja, akampeleka mdomoni. Mama akamshika mkono.

"Acha, Maman Chantal, usionje. Siye tuko na njaa."