Nduli Alipokimbia

Jana jioni wajukuu walikuwa wakitazama tamthilia kwenye televisheni, ya dikteta wa vita aliyejificha katika siku zake za mwisho. Mume wangu alikuwa pembeni akipaka viatu vyake dawa, na harufu ile ikanirudisha mtaani kwetu Mtendeni, kwenye ukumbi wa nyumba yetu, nikiwa bado mtoto.

Kaka yangu alikuwa vitani, akipigana na dikteta wa nchi jirani tuliyemwita nduli. Redio ilipotangaza kwamba nduli amekimbia, mtaa mzima ulishangilia. Jirani akaja mbio kumpongeza mama.

“Nimesikia,” mama akamjibu, huku akiendelea kuchambua mchele. “Mwanangu je?”

Siku zikapita. Kila treni ya Mwanza, iliyorudisha askari, ilipopiga honi, mama aliacha alichokuwa akifanya, akatazama mlangoni. Alasiri moja kaka akaingia, amekonda, ananuka moshi na dawa ya viatu.

“Shikamoo, mama.”

Mama alimshika mabega, akashuka na mikono yake mpaka vidoleni, akavipapasa kimoja kimoja. Ndipo akasema marahaba, akaketi chini, akalia.

Kaka alipokuwa anakula nilimuuliza, “Ulimwona nduli?”

“Sikumwona. Tulipofika alikuwa ameshakimbia.”

Nilisikitika, maana nilitaka hadithi. Lakini mama, ambaye hakuwa amecheka tangu kaka aondoke, alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

“Afadhali, baba,” akasema, akimwongezea ugali. “Ungemwona wewe, naye angekuona.”