Biringanya Nyeupe na Mumewe wa Dukani

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo haya nayasema kama nilivyoyafanya kwa mikono yangu.

Bustani yangu ipo Zinga, bondeni. Biringanya za mbegu za dukani, zile nyeusi kubwa, zilikuwa zinanifia mwaka hata mwaka. Mche una maua, asubuhi umesimama, jioni umelala kama uliomwagiwa maji ya moto. Ugonjwa umo ardhini. Biringanya nyeupe alizoniachia marehemu mama hazifi, ila zinazaa vidude kama yai la kuku, vichache, tena vichungu. Nikasema hawa wawili nitawaoanisha, nipate mmea usiokufa na wenye kuzaa. Bibi shamba wa kata alinionyesha mara moja. Ya pili sikuihitaji.

Unachagua ua la mweupe litakalofunguka kesho. Unalifungua kwa sindano, unatoa vijiti vya njano vilivyomo, kimoja kimoja. Ukisahau kimoja, litajizalisha lenyewe. Asubuhi unachukua unga wa ua la mweusi, unalipaka lile la mweupe pale katikati, unalifunika kwa kikaratasi, unafunga uzi kwenye kikonyo ili ulijue. Nilikuwa na uzi mwekundu, nikafunga huo. Hapo nilikosea.

Kwetu uzi mwekundu wenye fundo hauachwi upite hivi hivi. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye, alirudi kisimani amenuna.

"Wifi, mboga zetu hawanunui. Wanasema umemfunga mtu bustanini."

"Waambie nimewafunga midomo. Mbona haijafungika?"

Hakucheka. Matunda tisa yakashika, nikayaacha yaive mpaka yawe ya njano, maana mbegu ya tunda bichi haioti. Mara nikaitwa msibani Msata. Niliporudi, uzi hata mmoja haukuwapo. Wifi alikuwa amezikata nyuzi zote na kuzichoma.

"Nimekusafishia jina," akasema.

"Na mbegu umenisafishia."

Kwenye miche ile ile palikuwa na matunda mengine ya njano, niliyoyaacha kwa mbegu ya kawaida. Lipi ni lipi? Sura moja yote. Wifi alipoelewa alilia. Nikamwambia machozi hayaoteshi kitu, alete vifuu vya nazi.

Tuliyachuma yote. Kila tunda na kifuu chake, tukaosha mbegu, tukaanika kivulini. Wifi aliosha mpaka vidole vikakunjamana, wala sikumpumzisha. Kitaluni kila kifuu kikapata mstari wake. Nilikuwa nimeshaona kitu: mche wa mweupe huota shingo ya kijani, wa mweusi huota shingo ya zambarau. Kama damu ya baba imo, nilisema, itaonekana shingoni.

Zilipochomoza tulichuchumaa pale wote wawili. Kijani. Kijani. Kijani tena. Moyo ulikuwa unaanza kunishuka.

"Wifi! Hawa hapa shingo nyeusi!"

"Usiwaguse," nikamwambia.

Mistari saba ilikuwa ya zambarau. Na mimi nilifunga maua tisa. Ile miwili iliyopungua sikumlaumu mtu; ni mimi niliyesahau vijiti ndani.

Miche ile ya zambarau ilipokua nikaipeleka kwenye tuta lile lile lililokuwa likiua.

"Panda kwingine, wifi, tumeteseka mno," akasema.

"Nikipanda kwingine nitajuaje?"

Nikapanda. Kila jioni nilipita nikitazama majani ya juu, maana ndiyo huanza kulegea. Mmoja ulilala, nikaung'oa na mizizi yake, nikauchoma. Mingine ilisimama, ikazaa matunda ya zambarau iliyopauka, yanayojaza kiganja, mpaka matawi tukayawekea miti. Bibi shamba alikuja akanionya nisitunze mbegu za matunda hayo, watoto wa hawa hutawanyika, kila mmoja na lake. Nikitaka tena, nianze upya na wazazi wale wawili.

Nikamwambia nimesikia. Wazazi ninao. Nilichuma hadi mvua za vuli zikaanza.