Boksi la Gari Mkebeni mwa Najib

Miaka sita sikumwitikia Najib shikamoo yake. Akipita mlangoni kwangu hapa Timbwani, "Shikamoo, bi mkubwa," mimi nageuza uso, nachagua mchele wangu. Watu wakanambia salamu ni haki ya Mungu. Nikawaambia hiyo haki nitamlipa Mungu mwenyewe. Najib alimwita mkwe wangu mwizi, tena harusini, sinia la pilau liko katikati na wanaume sita wametia mikono. Sikusahau.

Mkwe wangu ndiye Fondo, mume wa binti yangu Salha, fundi wa umeme wa magari. Posa yake niliikataa mara mbili, nikimdhani bubu. Kabla hajafungua boneti huigonga kwa kidole, kama mtu abishaye hodi. Siku moja nikamuuliza, "Fondo, wambishia nani, betri?" Akasema, "Huwa mna panya, mama." Na chochote akitoacho garini, hata skrubu iliyooza, hukifunga kwa gazeti akamrudishia mwenyewe. Mtu huyo ndiye aitwe mwizi.

Najib ni mchuuzi wa samaki. Alimpa Fondo gari amtilie redio. Wiki ya pili ikawaka taa, ile yenye picha ya gari litelezalo. Fondo alinieleza: gari lina kitu cha kulizuia lisiserereke. Matairi yana masikio yake, usukani una lake, na chini ya kiti mna jingine, na habari zote hupita kwa nyaya mbili zilizosokotwa kama nywele za msichana, mpaka kwa boksi moja. Wasiposikizana, taa yawaka.

Najib akampelekea fundi mwingine. Mashine ya kupimia ikasema boksi haliitiki. Basi Najib akakata hukumu: Fondo kaiba boksi zima, katia bovu. Akalitoa, akalitia mkebe wa biskuti, akawa azunguka nalo akiwaonyesha watu. Ushahidi, ati. Akanunua boksi jingine, taa iko. Akanunua jingine, taa iko. Na mwizi bado ni Fondo. Wateja wa hapa wakamkimbia, ikawa kila asubuhi avuka feri kwenda kutafuta kazi Changamwe. Hakulalamika hata siku moja. Nililalamika mimi kwa niaba yake.

Mvua za mwaka huu, gari la Najib likaserereka kwenye mteremko wa feri, mamake yumo ndani. Huyo mamake, Bi Zuleikha, twajuana tangu tuna meno. Akamwambia mwanawe, "Lipeleke kwa Fondo, ama sipandi tena." Wakaja wote wawili. Nikatoa kigoda changu nikaketi nione.

"Boksi la kwanza unalo?" Fondo akauliza. Hata lawama hakutoa.

"Ninalo. Huo ndio ushahidi wangu."

"Kalilete."

Likaletwa na mkebe wake. Fondo hakuligusa. Alitoa kimita chake akapima zile nyaya mbili. "Mama, njoo uone. Hapa yatakiwa isome sitini. Sitini maana yake msikizaji wa ncha hii na wa ncha ile wote wako nyumbani. Imesoma mia na ishirini. Mmoja haonekani."

"Kafa?"

"Hajafa. Njia imekatika. Mtu akibisha hodi na sauti isifike, huwezi kusema mwenye nyumba hana adabu."

Najib akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Fondo akang'oa kiti, akainua zulia. Harufu iliyotoka, wallahi, paka wa mtaa mzima walikuja. Maji ya barafu ya samaki, yenye chumvi, yalikuwa yakivuja chini miaka yote hiyo, yamekula kiungo cha nyaya mpaka kimekuwa kijani. Akakata palipooza, akachomea waya mpya, akausokota vilevile. Akapima. Sitini. Ndipo akafungua mkebe, akalirudisha lile boksi la kwanza. Taa ikazimika.

Kisha akachomeka mashine yake, ikatoa namba ndefu ya gari iliyoandikwa ndani ya boksi. "Najib, leta kitabu cha gari."

"Soma kwa sauti," Bi Zuleikha akamwambia mwanawe.

Akasoma. Namba ya boksini na ya kitabuni ni moja, hadi tarakimu ya mwisho. Boksi lilizaliwa na gari lile. Ushahidi kaubeba mwenyewe miaka sita.

"Fondo, nisamehe, ndugu yangu."

"Yamekwisha."

"Hayajaisha," nikasema. "Ulilisemea kwenye sinia, kalifutie kwenye sinia."

Ijumaa ile alioa Abubakar wa nyumba ya pili. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Masinia yalipowekwa, nikasikia mkebe mtupu ukigongwa.

"Jamani, kabla hamjala," Najib akasema. "Boksi langu halikuibwa. Nilimzulia Fondo. Walioharibu gari ni samaki wangu."

Mtu akacheka. Na Fondo, kinywa kimejaa: "Lakini barafu umeitoa kitini?"

"Nimeitoa."

"Basi kula, wali wapoa."

Najib akaja mpaka kwenye pazia. "Shikamoo, bi mkubwa."

Nikatafuna tonge langu mpaka likaisha.

"Marahaba," nikasema.