Beseni Uani

Jirani yangu hapa mjini amechoma majani makavu, na moshi umeingia mpaka kwenye nguo nilizoanika. Ni harufu ya Kamina nilikokulia, mwisho wa kiangazi, wakati ardhi ilituunguza nyayo na ngurumo zilipita juu yetu bila kuacha tone.

Mama alikuwa na beseni la bati lililobanduka rangi. Kila akisikia ngurumo alilitoa nje, akaliweka uani, akatuambia, "Munyamaze, tusikie tone ya kwanza." Tulisikiliza mpaka masikio yakauma.

Siku moja radi ilipiga nyasi ng'ambo ya reli, moto ukaanza kuja upande wetu. Majirani walikimbia kuupiga kwa matawi mabichi. Mama aliyachota kwa beseni lile maji yetu yote tuliyokuwa tumeteka kisimani, akayarusha juu ya paa letu la nyasi mpaka ndoo zikabaki tupu. Moto ulikufa karibu na choo. Hatukuwa na hata maji ya kunywa. Mama, uso umejaa masizi, akalipangusa beseni kwa kitenge chake, akalirudisha uani.

"Mama, mvula haiko," nilimwambia.

"Itakuya. Inafaa itukute tuko tayari."

Jioni hii kumenguruma, na nimetoa beseni langu la plastiki nje. Binti yangu amesimama mlangoni, ananishangaa, kidole kikielekea bomba la maji.

"Mama, maji si iko ku robine?"

"Nyamaza kidogo," nimemwambia. "Tusikie."