Timiro na Wasichana wa Jumamosi

Ukitaka kumchokoza Timiro, mwambie jambo fulani haliwezekani. Muuza maziwa ya ngamia huyu wa Garissa hakuwahi kukalia dawati maishani mwake, wala hakuwa na mtoto shuleni. Lakini mwaka wa 1994 yeye na wenzake wa sokoni ndio waliokibeba chama cha nyimbo na maigizo cha Jumamosi katika shule ya serikali pale mjini. Wao walileta maziwa, wachinjaji wakaleta nyama, na Jelle, mwenye mabasi, akaahidi basi. Mkono mmoja haulei mwana, bwana.

Chama kikashinda mkoa mzima, kikaalikwa kushindana Nairobi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wasichana wa chama waliishi mjini kwa jamaa, mama zao wako malishoni na ngamia, na hakuna mjomba aliyethubutu kumruhusu binti wa watu alale ugenini bila neno la mamake.

"Tusipoenda, mwalimu mkuu atakivunja chama," alisema Mwalimu Yurub, aliyewafundisha nyimbo. "Na wazazi nimewaandikia barua."

Timiro alicheka mpaka akashika mbavu. "Barua? Ataisoma nani, ngamia?"

Yeye alikuwa na posta yake. Kila asubuhi gari la maziwa lilifika kutoka malishoni na mitungi iliyojaa, likarudisha mitungi mitupu pamoja na sukari, majani ya chai na umbea wote wa mji. Siku hiyo akamtuma dereva aseme kila boma: "Timiro anakwenda na wasichana, atalala mlangoni mwao. Asiyeniamini na mwanawe, kesho asiniletee na maziwa yake."

Wenzake wakashika vichwa. Riziki yote ameitia rehani kwa ulimi wake mwenyewe! Timiro akawajibu kwamba maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga.

Asubuhi gari likaja. Mitungi yote imo, isipokuwa wa Arbia, mamake Kaaha. Na Kaaha ndiye aliyeongoza nyimbo. Timiro akaogopa kweli, akaanza kuihesabu mitungi upya.

Mara mlango wa mbele ukafunguka, Arbia akashuka na mtungi wake mkononi, amejitanda shuka la safari.

"Maziwa nakuamini nayo, habaryar, mama mdogo wangu," alisema. "Na mtoto pia nakuamini naye. Lakini Nairobi nzima imsikie mwanangu akiimba, mimi nisimsikie? Basi liko wapi?"